Mstari Wenye Makunyanzi

Wewe, huyu bosi wangu ana macho makavu!

Leo injini ya ramjeti tunayoijaribu, ile ya ndege za kasi, imezimika kwa kishindo mbele ya wageni. Naye eti, "Dada yetu hapa kakosea hesabu." Dada yetu! Mimi!

Nikafungua kompyuta. Kumbe jana aliulainisha mstari wa presha kwenye grafu, eti una makunyanzi, wageni watatucheka. Ukiulainisha, taarifa zake zinachelewa! Vali ya mafuta, inayoufuata mstari huo, imepata habari wakati injini imeshatapika wimbi la mshtuko linaloibania hewa.

Nikamuuliza. Akanijibu, "Lakini mstari ulipendeza."

ULIPENDEZA!

Halafu ananiamuru niwaandikie wageni chanzo, kwa sentensi moja tu, tena nisimzungushe mtu.

Nimeshatuma: "Injini ilizimika kwa sababu bosi wetu hapendi makunyanzi."