Baba Alikuita Yaya

Hayes, London

Mama yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako limepoa. Mjomba akikusomea, mwambie asome polepole wala asiruke neno, hata pale patakapomtia uchungu. Mimi ni mzima wa mwili tu. Kiwandani tunapanga biskuti kwenye makopo, na baridi ya huku inaingia hadi kwenye meno.

Sasa sikiliza. Jumapili iliyopita baba alinipeleka Rayners Lane, kwa Wahindi wenzake waliohama Kenya kama sisi, baada ya kunyimwa leseni za maduka. Wana kijana anayetafuta mke. Sebuleni wametundika kalenda, na picha ya mwezi huu ni mto wetu, Mama! Ewaso Nyiro, pale unapojikunja chini ya majabali mekundu, mikoma imesimama ukingoni, na nyuma yake jangwa lote. Nilisahau hata salamu.

Mama wa kijana akasema, "Pazuri, lakini jangwa tupu. Hapakai mtu."

"Panakaa," nikamjibu. "Mama yangu anateka maji hapo hapo kwenye kona."

Baba akacheka. "Anamsema yaya wake, Mborana mmoja aliyemlea. Mama yake alifariki zamani."

Yaya, Mama! Wewe uliyeuza naye dukani Isiolo, ukamzalia, ukamuuguza homa!

Nikasimama. "Si yaya. Ni mke wako wa ndoa, na yu hai."

Posa ikaishia hapo. Ndani ya basi baba akasema, "Umeniaibisha mbele ya watu." Nikamwambia, "Na wewe umemzika mtu aliye hai huku unakunywa chai." Hajanisemesha tena. Nimehama, nimepanga chumba na dada mmoja wa Kisumu.

Baba alipoondoka alikuahidi kwamba atakuita tukishatulia. Mama, tulitulia kitambo. Ana nyumba, ana gari. Najua bado unawaambia majirani kwamba safari yako i karibu. Usiwaambie tena. Nenda kwa kadhi ukadai talaka yako. Yeye ameshakuhesabu marehemu. Wewe usijihesabu mke.

Nisalimie bibi, mjomba anayekusomea, na mkewe aliyenisuka nywele siku ya safari. Baba hakutuma salamu, nami sitamtungia.

Wasalaam,
mwanao uliyemzaa mwenyewe,
Zainabu