Tairi Sita na Sharti la Mama

Kwako Baba, popote Mola alipokulaza,

Ukiona mwandiko umechafuka, ni grisi. Gari letu la nyumba linatembea! Ndiyo, lile basi dogo uliloling'oa viti ukalitia vitanda viwili na jiko la gesi, majirani wa Michenzani wakatucheka: "Wenzenu wanajenga, nyie nyumba yenu inakimbia!"

Unaikumbuka ile Idi Pili? Wewe mguu ulikuwa unakuuma, ukanituma mimi matairi. Nikayachagua kama nnayechagua tikiti: manene, meusi, yanang'aa. Tulipopita Dunga, pa! Tairi likapasuka. Pilau lote mapajani mwa Mama. Ukapiga goti barabarani na mguu wako mbovu, ukasoma namba nne za ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa. "Limezeeka dukani hili," ukasema. "Gari yetu inakaa kuliko inavyokwenda. Kashata za tairi hazitaisha, mpira ndio utakaokauka." Nikajifanya natafuta jeki.

Mama akajikung'uta wali, akaapa: "Mie sipandi tena mpaka matairi achague baba yako."

Hukuwahi, Baba. Ukatangulia, na sharti likabaki pale pale. Gari likakaa Chukwani tulikohamia, kuku wakataga chini yake. Kila nikimwambia Mama twende, anapandisha kanga kichwani, anauliza kama nimeshapata kazi ya maana.

Basi safari hii nikaenda kwa rafiki yako muuza matairi na kitambi changu hiki, nikapiga goti mbele ya kila tairi. "Unachagua tairi au unachagua mchumba?" akaniuliza. Nikamjibu mchumba sikumkagua hivi. Nikamwambia uzito wa gari likiwa na maji, gesi na Mama ndani, tukatafuta sita yanayouhimili, yote mapya kwa namba. Pedi za breki zilikuwa zimebaki nyembamba kama kaki, nikabadilisha. Mkanda wa feni umepasukapasuka, nikabadilisha. Mipira ya waipa ilivunjika mkononi kama biskuti.

Jana nikamwita Mama kwa mbwembwe. Akaja na miwani. "Soma," akaniamuru. Nikasoma yote sita. Akalizunguka gari.

"Na la spea?"

Baba, nilisahau spea! Lilikuwa linaning'inia uvunguni, la umri wa mjukuu wako wa kwanza. "Baba yako angeanza na hilo," akasema, akarudi ndani. Nikakimbia dukani kabla hawajafunga. Rafiki yako akacheka mpaka akakaa chini.

Leo alfajiri Mama katoka na birika la chai. Akainama, akaangaza tochi uvunguni, akaisoma namba mwenyewe. Kisha akapanda nyuma, akajinyoosha kwenye kitanda chako, akavuta pazia.

"Niamshe tukifika Uroa."

Nimekwenda taratibu, upepo wa tairi nimeupima mara mbili, Dunga nimepita nimebana pumzi. Tumefika zamani. Sasa adhuhuri inakaribia, chai imepoa, na hapo nyuma anakoroma hadi vikombe vinalia kabatini. Wallahi sithubutu kumwamsha.

Mola akuzidishie nuru huko uliko.

Mwanao,
dereva wa Mama