Samaki Wangu Wanashiba, Mwanangu Anataka Kunifungia Shamba

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijakosana na mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Mimi ni mama wa afisa, tena siyo afisa wa kubahatisha, ni wa ufugaji wa samaki pwani nzima, shuleni alikuwa wa kwanza mpaka walimu wakachoka kumpa zawadi, na mimi niliyeishia shule ya msingi ndiye niliyemlisha akanenepa mwili na akili. Sasa nami nafuga samaki, vizimba nimevifunga ghubani ili niwaone nikiwa jikoni, nawalisha asubuhi, mchana na jioni, wakikataa naongeza, maana kwangu hatoki mtu na njaa. Mwanangu akaja akapima maji, akasema chakula kinazama, kinaoza, maji yanakosa hewa, na chaza anaowafuga wifi yangu hapo jirani wanakufa. Nikamwambia, "Baba, hao chaza ni dhaifu tu, kama mwenyewe." Kumbe wifi yuko nyuma yangu! Akasema, "Wifi, mimi maji yako nayanusa mpaka kitandani." Majirani waliokuja kutazama wakacheka, na mwanangu mbele yao akanipa mpaka Ijumaa nihamishe vizimba na nipunguze chakula, la sivyo anafunga shamba. Nikaitikia, lakini akienda kazini namwaga ndoo nyingine. Je, nimwendee bosi wake?

Mama Afisa

Mama Afisa, pole, kuchekwa mbele ya wifi si mchezo. Pole yangu imeishia hapo.

Samaki si mgeni wa kubembelezwa. Akishiba anaacha, na kule chini hakuna wa kuosha vyombo. Ghuba yako imetulia kama beseni, kwa hiyo uchafu hauondoki, unamsogelea wifi yako tu. Na hao wanono wako nao watakosa hewa, wafe wakiwa wameshiba.

Kwa bosi usikanyage. Mwanao akikuachia wewe, kila mfugaji atamwambia, "Anza na mama yako," na kazi yake imekwisha.

Mwaga chakula kidogo kidogo. Samaki wakiacha kupanda juu, funika ndoo uondoke. Vizimba vipeleke kwenye mkondo, hata kama hutaviona. Wifi yako mwombe radhi leo, na mbegu za chaza mnunulie wewe. Habari ya ndoo ya siri mwambie mwanao mwenyewe. Na Ijumaa akija kukagua, usimwite baba wala mwanangu. Mwite afisa, mwonyeshe maji, kisha unyamaze.