Mkaguzi Aliyemsifu Mama

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya tatu chini ya Mma Sebego, mwanamama mkaguzi wa tumbaku hapa mjini Kanye. Najifunza kazi. Leo vibanda tisa. Kuuza sigara moja moja ni marufuku, lakini yeye haulizi kama wanauza — anatazama dirishani tu. Kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba? Basi, yamekwisha. Anayenunua pakiti nzima anawashia kwake, aliniambia. Bwana wa kibanda cha stendi akaapa kwa marehemu baba yake kwamba kile ni cha kuwashia mishumaa.

"Muache mzee apumzike," Mma Sebego akamwambia. "Wewe toa kopo."

Kopo likatoka nyuma ya mikate. Sigara kumi na saba! Kosa la kwanza ni faini, la pili kibali cha kibanda kinafutwa. Akamwandikia huku akimuulizia mkewe aliyejifungua juzi. Bwana akasaini huku anacheka. Sijui huyu mama anawezaje.

Jumatano, 6 Machi

Kgotla, barazani kwa chifu. Wazee wamemshtaki Mma Sebego: eti anapiga vita ugoro, na ugoro ni wa mizimu. Alikwenda na sketi ndefu, kitambaa kichwani. Akawasikiliza saa nzima bila kumkatiza mtu. Mmoja akamwita mwanamke wa makaratasi — hata kope haikucheza. Ndipo akasimama.

"Wazee wangu, ugoro wa bibi zetu sijaugusa. Namtafuta anayemuuzia sigara mtoto mwenye sare ya shule. Nani hapa hajamwona mtoto huyo?"

Kisha mzee yuleyule wa makaratasi akasema mjukuu wake ni mmoja wao. Nilitamani kupiga vigelegele. Siku moja niwe hata nusu yake.

Alhamisi, 7 Machi

Kesho ni zamu ya mtaa wetu. Kibanda cha Mama.

Mama ana kosa moja tayari, la mwaka jana, kabla sijaajiriwa. Kibanda hicho ndicho kilichonisomesha, na tangu Baba afariki hana kingine. Najua sheria: anayevujisha siri ya ukaguzi ana kosa lake, na kazi hana. Nimeshika simu mara nne, nikaiweka. Ya tano nikapiga. Mama, ondoa sigara zote. Akaniuliza kama nimekula.

Nimejidharau.

Ijumaa, 8 Machi

Rafu safi. Sabuni, chumvi, maharage, hakuna hata harufu ya tumbaku. Mma Sebego alimsalimu Mama kwa heshima zote, wakaulizana habari za mvua na za ng'ombe. Mimi macho chini. Akakagua, akafurahi kweli.

"Mma, wangekuwa wote kama wewe ningelala mchana. Jumatano nitakutaja kgotla, watu waige."

Hapo Mama akamshika mkono.

"Usinisifu kwa nisichokifanya, mwanangu. Sigara ninazouza moja moja ziko kwa jirani, kwenye beseni la nguo. Tangu jana."

"Nani alikuambia tunakuja?"

"Langu nimeshalisema. Hilo si langu."

Hasira zilinipanda — kumbe ningenyamaza! Halafu nikaona jinsi Mama alivyosimama, mgongo wima, nikaona haya.

Mma Sebego hakunitazama. Akaandika kosa la pili, Mama akasaini. Njia nzima akanisimulia habari za mbuzi wake. Tulipofika ofisini tu ndipo akasema: Jumatatu saa mbili, mlango wangu uko wazi. Ukiwa na neno, ingia. Usipokuwa nalo, nenda kwenye meza yako, sitakuuliza kamwe.

Afadhali angenifokea.

Jumatatu, 11 Machi

Saa mbili kasoro dakika tano. Naandikia kwenye benchi la nje. Mama amenipa kibali chake nikirudishe mwenyewe. Amekipangusa vumbi, amekitia kwenye bahasha. Hakuninasihi. Alinipa uji, akanitengeneza kola.

Meza yangu iko kushoto. Mlango wa Mma Sebego kulia, wazi. Namsikia akikoroga chai.

Simu. Mama anauliza kama nimeshaingia. Nimemwambia bado.

Hakati simu.