Kaburi Lisilo na Mtu

Ediofe, Arua
Jumatano, baada ya misa ya asubuhi

Dada yangu mpendwa Scovia,

Nakusalimu kwa upendo wote wa tumbo moja. Kabla sijauliza hali yako, nakupa kwanza unalolitaka: binti yako Patience yu hai. Asubuhi hii, hapa hospitalini, amekunywa uji nusu kikombe, akalalamika kwamba hauna sukari, nami nikamshukuru Mungu kwa lalamiko hilo. Natumaini kifua chako kimepoa na kwamba huko Kampala mmeamka salama.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu yako hupita mikononi mwa watu wote wa nyumba, na haya nataka uyasome peke yako kwanza. Tena nimesikia mwanao Sunday amenunua panga, anasema Jumamosi atapanda basi aende kijijini kwetu Ludara kummaliza Santo. Santo ni mtoto wa baba mdogo, damu yetu. Nakuomba umshike Sunday mpaka uifikishe barua hii mwisho, kisha naye umpe aisome.

Unaikumbuka ile riwaya ya kale niliyoifundisha hapa mpaka nikastaafu, ya baba anayempiga binti yake hadi anakufa, kisha anamzika katika shamba la jirani ili shamba lile liwe lake. Patience na wenzake waliigeuza kuwa kipindi cha mtandaoni, kinachotoka sehemu moja kila Ijumaa, na mambo yake yote ni ya siku hizi. Mwanzoni nilikataa kukitazama. Nilimwambia mpwa wangu kwamba kitabu kizuri hakisagwi kikawa unga wa simu. Yeye akanicheka, akasema mjomba anaogopa kupenda.

Alikuwa amesema kweli. Sehemu ya kwanza ilinionyesha yule msichana wa kitabuni akiuza mitumba sokoni Koboko, anamkemea askari wa mpakani kwa Kiswahili chetu cha huku kisichotenganisha mimi na yeye, kwamba nakula rushwa kama mbuzi nakula muhogo ya mutu, nikacheka mpaka machozi. Sehemu ya nne ikanitoa machozi ya namna nyingine. Katika kitabu, kipigo kile kimepewa sentensi moja tu. Hawa watoto walikionyesha chote: mnyororo wa baiskeli, jino juu ya sakafu, mama anapangusa damu kwa upindo wa gomesi aliyovaa huku akimwomba mumewe radhi. Nilikuwa nimeifundisha sentensi ile maisha yangu yote bila kuisikia ikilia. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kungojea Ijumaa. Nilinunua bando kabla ya kununua sabuni.

Walipofikia mazishi, Patience, ambaye ndiye anayemwigiza binti, aliniomba niwe katekista wa kuongoza sala kaburini. Akaniuliza pia wachimbe wapi. Nikawapeleka Ludara, kwenye shamba letu la bondeni.

Walichimba kaburi la kweli, kwa sababu mimi niliwaambia watazamaji hawadanganyiki. Patience akafungwa sanda nyeupe, akalazwa ndani, akarushiwa udongo kidogo. Wanawake wakalia kilio chetu chenyewe. Ndipo Santo akatokea katika muhogo, panga mkononi. Aliona msalaba, maiti na mimi na Biblia. Simu iliyokuwa inarekodi ni kitu kidogo, hakuiona. Akapiga kelele akiuliza ni nani nakufa, na kwa nini mutu yetu nalala kwa shamba yake.

Vijana walidhani ni mwigizaji niliyemleta mimi. Shafik, kijana wa hapa mjini anayeshika simu, alimsogelea aunase uso wake, akanong'ona kwa furaha kwamba mzee huyu iko moto. Panga likashuka. Vidole viwili vya Shafik vilianguka pamoja na simu, nayo ikaendelea kurekodi kutoka chini.

Patience aliposikia yowe la Shafik aliinuka kaburini na sanda yake, udongo usoni. Scovia, hebu yachukue macho ya Santo. Yeye aliona maiti inasimama. Moyoni mwake hakuwa anamkata mtoto wako, alikuwa anakata mzimu. Lakini chuma hakijui tofauti. Kiliingia begani kikashuka hadi kifuani, nami nikauona mfupa.

Waliokuwa wakilia kwa maigizo wakamrukia kwa majembe yaliyochimba kaburi. Walimvunja taya, wakampasua jicho la kushoto. Mmoja akasema si shimo iko tayari, tumzike humo humo, wakamsukuma ndani wakaanza kumfukia akiwa anapumua. Betty, mke wake, aliruka shimoni akamlalia, na udongo ukamwangukia yeye mgongoni mpaka mikono ya waliokuwa wakifukia ikachoka. Baadaye wakaenda kuchoma nyumba zake. Sasa Santo yuko hapa hospitalini kwa pingu, na Betty analala kanisani Ludara na watoto. Mimi muda wote ule nilikuwa nimesimama na Biblia.

Kila mtu anasema Santo alipagawa, akawakata watoto waliokuwa wakicheza. Nimewaacha waseme. Lakini wewe ni mtoto wa kwetu, unajua jambo moja: mtu akidai ardhi, wazee humuuliza, wafu wako wamelala wapi? Kaburi ni shahidi asiyehongeka. Mimi nilikuandikia kwamba kesi yetu na Santo juu ya shamba la bondeni bado. Haikuwa bado. Ukoo ulikwisha kaa, ukampa Santo, na ukampa kwa haki. Sikukubali moyoni. Patience aliponiuliza wachimbe wapi, niliona kaburi lenye msalaba, lililotazamwa na watu wote wa simu, na nani angekuja kulifukua kutazama kama lina mtu? Mtoto wako hakujua. Na Santo nilimwona mapema, akiwa bado mbali. Ningeweza kumwita na kumweleza. Nilinyamaza, kwa kuwa nilitaka alione kaburi lile.

Nikimkabidhi barua hii mama jirani anayesafiri, ninakwenda polisi kuyasema haya haya, kisha kwa baba yake Shafik, kisha kwa Betty. Patience nimekwisha mwambia. Aligeuza uso ukutani, na uji aliunywa baada ya mimi kutoka. Nesi ndiye aliyenieleza habari ya sukari.

Mwambie Sunday asifike Ludara, huko wamebaki Betty na watoto tu. Kama ni lazima panga lile lifanye kazi, ashuke Arua, aulize nyumba ya mjomba wake hapa Ediofe. Polisi wasiponizuia, atanikuta sebuleni, na sitamwita mtu.

Nisalimie watoto, kila mmoja kwa jina lake. Mungu awakinge na mikono ya watu, na hii inayoandika ikiwemo.

Ni mimi kaka yako,
Ezati