Ukuta wa Kengele Tatu

San Telmo, California
14 Januari 1932

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Sisi wazima, ila nina hasira hata chakula hakipiti.

Nilimpeleka Eulalia kuandikishwa kwenye ile shule niliyoipiga lipu kwa mikono yangu. Wameijenga kwa mtindo wa mapadri wetu wa kale: matao, vigae vyekundu, ukuta mrefu wa kengele tatu juu ya mlango. Bwana Pruitt, mkandarasi aliyeijenga, siku hizi mwenyekiti wa bodi, akamtazama mjukuu wako na kusema, "Wameksiko wana shule yao." Yaani lile banda nyuma ya kiwanda cha machungwa, nzi tele.

Sasa sikia. Ukuta ule hauna nondo hata moja. Pruitt alizihamishia kwenye ghala lake, mimi nikaambiwa nifunike upesi. Ardhi ya huku hutikisika. Sisemi neno. Acha uanguke, walie wao.

Mwanao,
Anselmo

Hermosillo, Meksiko
2 Februari 1932

Anselmo mwanangu,

Marahaba. Kifua kimetulia, barua yako ndiyo iliyoninyima usingizi.

Pruitt namchukia kuliko wewe. Namwombea majipu mahali pa kukalia. Lakini ukuta huo utaangukia watoto wa watu. Na hata ukimwangukia yeye, akishakufa utamkomoa nani? Mwaibishe akiwa hai, watu wakimtazama. Nyundo unayo.

Mama yako

San Telmo
7 Machi 1932

Mama,

Shikamoo. Hii isome ukiwa umekaa.

Nilingoja mkutano wa wazazi, nikaenda na ngazi. Pruitt akacheka, akauliza nani kamwita fundi. Nikapanda, nikabomoa lipu yangu mwenyewe toka kengele ya kwanza hadi ya tatu. Matofali matupu. Nikawaambia mimi ndiye niliyefunika, kisha nikamgeukia: "Waoneshe nondo, Bwana Pruitt." Mkewe aliondoka kwa miguu, akamwacha na gari lake.

Mkaguzi ameifunga shule. Mahema ya kusomea kwa muda hayajafika, kwa hiyo watoto wao wameletwa kwenye banda letu, kwa nzi wetu. Mimi nimefukuzwa kazi, na sijutii hata kidogo.

Jana mjukuu wa Pruitt alichelewa. Mwalimu akamwambia Eulalia ampishe benchi la mbele. Akakataa katakata. Jioni, tukila tamale za unga wa mahindi, akaniuliza kama amekosea.

Nikamwongezea tamale ya pili.

Mwanao,
Anselmo