Bunduki ya Mashoto

Kishushe, Jumatano, 1975

Risasi ya kwanza ilimpata nyati begani. Ya pili sikuiwahi. Mimi ni mashoto, na komeo la bunduki, la kuingizia risasi nyingine, liko upande wa kulia. Ilibidi niishushe kwanza ndipo nilivute. Nyati akamfikia Mwakio, mlinzi mwenzangu, akamkanyaga nikiona.

Mara ngapi nimemwomba meneja wa ranchi aulize kama kuna kiwanda kinachotutengenezea sisi mashoto bunduki! Leo, maiti ikiwa bado garini, nilimkumbusha.

"Bunduki ni nzima," akasema. "Kibovu ni mkono wako."

Kisha akanituma nikampe habari mke wa Mwakio. Mama wa watu hakulia. Aliniuliza tu, "Na wewe si ulikuwa na bunduki?"